RAM iliyoongezwa kasi inaweza kuharibu Windows? Nimeipiga upya mara mbili

Mhariri_Umoja (Jumanne, saa 2:14 usiku)

Habari zenu wadau. Naomba msaada kabla sijatumia shilingi nyingine, maana nimefika mwisho wa akili yangu.

Mimi nahariri video za harusi na mazishi hapa Umoja, Nairobi. Kazi yote iko kwenye mashine moja niliyojengewa mwaka 2020: prosesa ni Ryzen 5 3600, bodi ni ya B450, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 16 (vipande viwili vya GB 8, vimeandikwa kasi ya 3200), SSD ya kuweka Windows na diski ya TB 4 ya kuweka video. Miaka yote hiyo haikunisumbua hata siku moja. Mwaka huu wateja wakaanza kutaka 4K, RAM ikawa haitoshi. Nikashuka mtaa wa Luthuli mjini nikanunua vipande vingine viwili vya GB 8, na hivi vimeandikwa 3600. Fundi aliyeniwekea akaingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi), akawasha XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM), akaniambia sasa vyote vinne vinakimbia 3600. Na kweli mashine ilipaa.

Wiki mbili baadaye Windows ikaingia kwenye kujisasisha, ikafika asilimia fulani, ikajizima na kuwaka, kisha haikufunguka tena. Nikapiga upya. Siku kumi na moja nzuri, halafu menyu ya chini ikakataa kufunguka, programu ya kuhariri ikawa inajifunga yenyewe, na asubuhi moja nikakuta CRITICAL_PROCESS_DIED kwenye skrini ya bluu. Fundi akasema SSD imekufa. Nikanunua mpya, Sh5,500. Tukapiga Windows mara ya tatu kwenye SSD mpya kabisa. Siku tisa tu, yale yale.

Ningevumilia kama ni Windows peke yake. Kuna mama mmoja alizikwa Machakos, watoto wake wakanipa kazi ya video. Nilinakili kadi za kamera kwenye diski, nikaangalia dakika mbili za mwanzo, nikaona sawa, nikafuta kadi kwa sababu Jumamosi nilikuwa na harusi. Juzi nimefika dakika ya 14, pale wajukuu wanapoimba kando ya kaburi, picha inavunjika kuwa vijumba vya kijani na zambarau. Sekunde ishirini na kitu hivi. Sauti inakwaruza kisha inarudi. Sina nakala nyingine.

Nilimuuliza fundi kama ni RAM. Akanijibu kitu ambacho sikuweza kukipinga: "RAM haihifadhi chochote. Ukizima mashine, kila kitu kilichomo kinapotea. Itaharibuje kitu kilicho kwenye diski?" Hapo ndipo nimekwama. Yuko sawa?

---

kip_gamer254 (saa 2:31 usiku)

Pole sana kaka. Mimi ningeanza na waya wa SATA (wa diski) na pawa saplai. Pia Windows yako umeitoa wapi? Zile za kupakua kiholela huja na mambo yake.

---

Mhariri_Umoja (saa 2:40 usiku)

Ahsante. Windows ni halali, ilikuja na leseni. SSD mpya haina waya, inaingia moja kwa moja kwenye bodi. Pawa saplai ni ile ile ya mwaka 2020, na iko nyuma ya UPS kwa sababu stima yetu hupotea ovyo.

---

MamaKompyuta_Ngara (saa 3:22 usiku)

Mwanangu, pole kwa video ya huyo mama. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hilo swali la fundi wako nimelisikia miaka mingi kutoka kwa watu wazima wenye ujuzi, na limewagharimu watu SSD nyingi zisizo na hatia.

Fundi amesema kweli nusu. RAM husahau. Lakini jiulize kitu hufikaje kwenye diski. Kinapita wapi kwanza?

Kwenye chama chetu mweka hazina ana daftari la kudumu, la wino. Siku ya mkutano hafanyi hesabu juu ya daftari. Ananakili takwimu kwenye karatasi ya pembeni, anajumlisha, anatoa, kisha anarudisha jibu kwenye daftari na ile karatasi inatupwa. Sasa tuseme karatasi ililowa chai na 3 ikasomeka kama 8. Karatasi imeenda na taka, hakuna atakayeiona tena. Lakini 8 iko kwenye daftari, kwa wino, na mwezi ujao hesabu zote zitaanzia hapo.

RAM ndiyo ile karatasi. Windows ikijisasisha, faili zinapakuliwa zikiwa zimebanwa, zinafunguliwa ndani ya RAM, halafu ndipo zinaandikwa kwenye diski. Ile rejistri yenye mipangilio yote ya mfumo (faili zake zimo kwenye C:\Windows\System32\config) hubebwa kwenye RAM mashine ikiwaka, hubadilishwa humo humo, na kila baada ya muda hurudishwa kwenye diski. Orodha ya NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili) inayosema faili gani iko wapi, hivyo hivyo. Hata ukinakili video kutoka kadi kwenda diski, kila kipande kinashuka kwenye RAM kwanza. Biti moja (ile 0 au 1 ya kompyuta) ikigeuka hapo katikati, kinachoandikwa ni kile kilichogeuka. SSD ina njia zake za kurekebisha makosa, ndiyo, lakini zinalinda kile ilichokabidhiwa. Ukiikabidhi kosa itakutunzia kosa hilo kwa uaminifu miaka kumi.

Nikuonyeshe biti moja ni nini. Mwaka 2014 niliitwa kwenye shule moja. Karani wa ofisi alikuwa amelaumiwa kwa kuharibu majina ya wanafunzi kwenye orodha. Aliniapia kwamba hakuandika vile, na alikuwa na machozi machoni. Nikaangalia orodha iliyochapishwa. Msichana mmoja, Mwikali, alikuwa ameandikwa "Mwicali". Nani duniani anaandika Mwikali kwa c? Hata kibodi hailaumiki, c na k ziko mbali. Lakini ndani ya kompyuta herufi k ni 01101011, na c ni 01100011. Zilinganishe polepole. Tofauti ni biti moja, ya tano kutoka kushoto. Hapo nikajua karani hana kosa. Nikaingia BIOS, nikakuta RAM za DDR3 (kizazi cha kabla ya DDR4) za 1600 zimesukumwa hadi 1866. Nani alizisukuma sikupata kujua. Niliwasha programu ya kupima RAM na makosa yakaanza kumiminika.

Basi fikiria biti hiyo moja isingeangukia jina la Mwikali, ingeangukia faili ya draiva, au rejistri. Ndiyo Windows yako iliyokufa mara tatu.

Sasa kwa nini RAM yako inakosea. Ndani ya RAM kila biti ni chaji ndogo sana ya umeme kwenye kifuko kinachovuja. Kwa sababu kinavuja, kila safu lazima ijazwe upya ndani ya milisekunde 64. Kusoma nako kunataka subira: safu inafunguliwa, inangojwa itulie, ndipo thamani inachukuliwa. Ukiongeza kasi unaipunguza ile subira. Ikipungua mno, kidhibiti cha kumbukumbu kilicho ndani ya prosesa kinachukua jibu kabla halijatulia, mara nyingi sahihi, mara moja moja siyo. Na joto linazidisha uvujaji. Je, mashine yako husumbua zaidi mchana kuliko usiku?

Fanya hivi usiku huu. Usipige Windows tena. Usiendeshe sfc, DISM wala chkdsk. Hizo amri za ukarabati nazo zinasoma na kuandika kupitia RAM hiyo hiyo mbovu, na nimewahi kuona chkdsk ikifuta folda nzima iliyokuwa nzima, kwa sababu ilisoma orodha vibaya. Usinakili chochote cha mteja. Chukua fleshi, weka Memtest86+ (programu ya bure ya kupima RAM), washa mashine kutoka kwenye fleshi hiyo, uiache ipime ikiwa kwenye 3600 vile vile ilivyo. Kisha zima XMP, upime tena. Uniletee majibu yote mawili.

---

kip_gamer254 (saa 3:48 usiku)

Mama, kwa heshima kabisa, hapo kwenye XMP nina swali. XMP si kitu cha kubahatisha. Kipande kimeandikwa 3600 na kiwanda chenyewe, kimepimwa. Mimi natumia 3600 mwaka wa tatu, sijaona skrini ya bluu hata moja. Kwa nini tumwambie mtu anunue 3600 kisha azime XMP aitumie kama 2400?

---

MamaKompyuta_Ngara (saa 4:05 usiku)

Swali zuri mwanangu, na yako ikiwa imetulia basi itumie kwa amani. Lakini angalia kilichoandikwa kwenye kipande kinaahidi nini. Kiwango cha kawaida cha DDR4 ni volti 1.2, na kasi zake za kawaida zinaishia 3200. Profaili ya XMP, ambayo Intel waliileta mwaka 2007 wakati wa DDR3, mara nyingi ni kasi ya juu kuliko hiyo, na volti 1.35. Ahadi ni ya jozi ile iliyouzwa pamoja. Prosesa yako haimo kwenye ahadi hiyo, wala bodi yako, wala jozi nyingine utakayochomeka kando yake.

Na AMD wenyewe kwa Ryzen za kizazi hicho cha 3000 wanatoa 3200 ukiwa na vipande viwili. Ukijaza nafasi zote nne inashuka hadi 2933, na kama ni vile vipande vyenye chipu pande mbili inashuka hadi 2667. Wewe, naamini, una viwili. Ndugu yetu wa Umoja ana vinne, vya jozi mbili tofauti, na viwili kati yake vimeandikwa 3200 vikalazimishwa kukimbia 3600. Hivyo viwili havikuahidiwa 3600 na mtu yeyote.

---

kip_gamer254 (saa 4:11 usiku)

Nimeelewa. Hilo la vinne sikuwa nalijua. Yangu ni viwili.

---

Mhariri_Umoja (Jumatano, saa 1:06 asubuhi)

Mama, sijalala. Nimepima.

Kwenye 3600: dakika ya nne tu, mistari myekundu. Nilipiga picha skrini. Upande mmoja inasema ilitarajia fdffffff, upande wa pili imekuta f9ffffff. Nikakaa nikachora hizo d na 9 kwenye karatasi kama ulivyofanya na k na c: 1101 na 1001. Biti moja! Niliiacha nusu saa, makosa yakawa yamepita mia mbili, nikaizima.

Kisha nikazima XMP, vyote vinne vikashuka hadi 2400. Niliiacha mpaka alfajiri, nikilala kwenye kiti. Imemaliza mizunguko mitatu kamili. Sifuri.

Na ndiyo, husumbua mchana. Mimi niko ghorofa ya mwisho, chini ya mabati, na kazi ya kutoa video ya mwisho huwa naifanya saa nane hivi wakati nyumba ina moto. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Kwa hiyo SSD yangu ya kwanza ni nzima? Iko kwenye droo. Na niliyonakili miezi hii miwili, nitajuaje ni ipi imeharibika? Kuna harusi tatu humo.

---

Mlinzi_wa_Seva (saa 1:40 asubuhi)

Nimetoka zamu ya usiku nikakuta mjadala huu. Ongezo langu ni moja: Windows ya nyumbani na NTFS haitakuambia kwamba data ya faili imegeuka. Hakuna alama ya ukaguzi kwenye yaliyomo. Mimi nyumbani natumia Linux na Btrfs (mfumo mwingine wa kupanga faili), ambayo huweka alama ya hesabu kwa kila kipande cha data. RAM yangu ilipoanza kukosea, mfumo ulikataa kusoma faili na kupiga kelele ndani ya siku moja. Kelele hizo zilinikera, nikalaumu Btrfs wiki nzima, kumbe ndiyo iliyokuwa ikisema ukweli. Lakini hata hiyo haikingi kila kitu: biti ikigeuka kabla alama haijahesabiwa, alama itathibitisha kosa.

Seva hutumia RAM za ECC. Kwa kila biti 64 za data kuna 8 za ukaguzi, biti moja ikigeuka inarekebishwa, mbili zikigeuka inajulikana. DDR5 ina ECC ya ndani ya chipu, ila hiyo hailindi safari ya data kutoka kwenye chipu hadi prosesa, kwa hiyo msidanganywe na tangazo.

Na usijione mjinga kwa kutoitambua. Oktoba 2022 Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, programu zilikuwa zinamwangukia ovyo kwenye mashine yake, akadhani ni toleo jipya la kerneli (kiini cha Linux). Ilikuwa kipande cha RAM kilichoharibika, kwenye mashine isiyo na ECC. Ilibidi aendelee na kazi ya toleo la 6.1 kwenye laptopu akisubiri RAM.

---

MamaKompyuta_Ngara (saa 2:15 asubuhi)

Mwanangu, umefanya kazi safi. Sasa lala kidogo, halafu fuata mpangilio huu.

XMP ibaki imezimwa. Windows iliyopo sasa ilipigwa na RAM inayokosea, kwa hiyo usiiamini hata kama inawaka. Ipige upya kwenye 2400, na ile fleshi ya Windows nayo itengeneze upya, maana kama uliiandaa kwenye mashine hii huenda kosa limo tayari tangu hapo. Hili watu hulisahau, kisha wanarudi kwangu na shida ile ile.

SSD ya kwanza karibu hakika ni nzima. Isome afya yake kwa programu ya kawaida, kisha itumie kwa nakala za akiba.

Kwa video: chochote ambacho kadi yake bado haijafutwa, nakili upya leo. Ukimaliza, kwenye kadi na kwenye diski endesha `certutil -hashfile jina-la-faili SHA256` (amri inayotoa alama ya hesabu ya faili) ulinganishe alama hizo mbili. Washa mashine upya kabla ya kupima nakala ya diski, kwa sababu Windows hupenda kukusomea faili kutoka kwenye RAM badala ya diski yenyewe, na hapo utakuwa umepima karatasi ya pembeni ukidhani umepima daftari. Ambazo kadi zimeshafutwa, hakuna njia ya mkato. Zitazame kwa macho, mwanzo hadi mwisho.

Na ile ya Machakos, kadi uliyofuta, ulipiga kitu kingine juu yake?

---

Mhariri_Umoja (saa 2:29 asubuhi)

Kadi zilikuwa mbili. Moja nimeshaiandika juu kwa harusi ya Jumamosi. Ya pili nilifuta tu, sijaigusa, iko kwenye begi la kamera. Sikumbuki dakika ya 14 ilikuwa kwenye ipi.

---

Mlinzi_wa_Seva (saa 2:33 asubuhi)

Usiiweke kwenye kamera! Isukumie kile kitufe cha pembeni cha kuzuia kuandika. Tumia PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha faili zilizofutwa, kwenye mashine nyingine kabisa. Kamera nyingi zikifuta kwa haraka huondoa orodha tu, video yenyewe inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake.

---

Mhariri_Umoja (saa 11:50 jioni)

Nimeazima laptopu ya shemeji. PhotoRec imechukua karibu saa tatu. Imerudisha video 31 kutoka kwenye kadi ya pili, na majina yote yamepotea, ni tarakimu tupu. Nimezifungua moja baada ya nyingine. Ya kumi na tisa ni wajukuu. Wameimba beti zote nne, na yule mdogo kabisa mwenye sweta ya manjano anaangalia kamera mwishoni. Hakuna kijumba hata kimoja.

Nimenakili mara mbili, kwenye diski ya nje na kwenye SSD ile ya droo, na SHA256 zimelingana zote tatu. Nimewapigia watoto wake simu, nimewaambia Ijumaa iko tayari.

Mama, Mlinzi, sina la kuwalipa. Vile vipande vya 3600 nimevitoa, nimerudi kwenye GB 16 za zamani kwanza. Kuna jirani anavitaka kwa Sh4,000. Nimpe?

---

MamaKompyuta_Ngara (saa 12:20 jioni)

Mungu ni mwema. Usimpe bado. Huenda ni vizima kabisa na taabu yote ilikuwa vile vinne kukaa pamoja, huenda kimoja ni kibovu. Kichomeke kimoja kimoja, peke yake, XMP ikiwa imewashwa, usiku mzima kila kimoja. Kikipita, mwambie jirani vilitoka kwenye mashine gani na kwa nini, kisha achague mwenyewe.